Dirisha la Sudek na Mikoko ya Rufiji

Picha ya kamera husifiwa sana kwa upesi wake. Mchoraji huketi siku nyingi mbele ya kazi yake, na mchongaji hupiga patasi mwezi mzima, lakini mwenye kamera, watu husema, hufumba na kufumbua akawa amekwisha. Kwa sababu hiyo wako wanaoinyima picha cheo cha sanaa, wakaihesabu kuwa kazi ya chombo wala si kazi ya mtu. Maisha ya Josef Sudek, mpiga picha wa Kicheki aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1976, ni jawabu refu kwa hoja hiyo. Mtu huyu alilipiga picha dirisha la chumba chake cha kazi tangu mwaka 1940 hata mwaka 1954, na katika miaka yote hiyo hakuona kwamba dirisha lile limekwisha. Ikiwa upesi ndiyo tabia ya kamera, basi Sudek aliitumia kamera kinyume cha tabia yake. Na ikiwa alifaulu, yatupasa kukiri ya kuwa upesi haukuwa tabia ya kamera hata kidogo, bali tabia ya watu walioishika.

Jambo hili si la Wacheki peke yao. Katika Tanzania iko sehemu ya nchi iliyopigwa picha mara nyingi na watu wenye haraka, nayo ni milango ya mto Rufiji, katika wilaya za Kibiti na Rufiji, Mkoa wa Pwani. Hapo mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini kukabili kisiwa cha Mafia, na kati ya mikono hiyo umeota msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika pwani ya nchi hii. Lengo la makala haya ni kuipima kazi ya Sudek yenyewe, na baada ya kuipima, kuuliza ina funzo gani kwa mahali kama Rufiji, na funzo hilo linakomea wapi.

Sudek alizaliwa tarehe 17 Machi, 1896, katika mji wa Kolín, nchi ya Bohemia, iliyokuwa wakati huo chini ya dola ya Austria na Hungaria. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa nyumba, naye alikufa mwanawe akiwa bado mtoto mdogo. Kijana alifundishwa kazi ya kujalidi vitabu. Mwaka 1915 aliingizwa jeshini, na mwaka 1917, katika mapigano ya Italia, alijeruhiwa mkono wa kulia, na mkono huo ukakatwa begani. Fundi wa kujalidi ni mtu wa mikono miwili: mmoja hushika, wa pili hushona. Aliporudi kwao hakuwa na kazi, wala hakuwa na njia ya kuirudia. Mwaka 1922 aliingia katika shule ya serikali ya sanaa za uchapaji mjini Praha akajifunza upigaji picha kwa mwalimu Karel Novák. Na mwaka 1924, pamoja na wenzake Jaromír Funke na Adolf Schneeberger, aliunda Chama cha Wapiga Picha wa Kicheki. Mwaka 1927 alipata banda la mbao ndani ya ua, katika mtaa wa Újezd, akalifanya chumba chake cha kazi. Dirisha mashuhuri lilikuwa la banda hilo.

Kazi yake ya kwanza yenye uzito ilitoka katika jeraha lake. Katika miaka ya 1920 alikaa na kupiga picha katika nyumba ya askari walemavu mjini Praha. Katika picha hizo hakuna bendera wala nishani. Wanaume wameketi mezani au wamesimama karibu na ukuta, moshi wa tumbaku umepanda, na nuru imeshuka kutoka madirisha ya juu ikaukata moshi ule kama maji yanavyokata mchanga. Mara nyingi nyuso zao hazionekani wazi. Kinachoonekana ni jinsi walivyokaa. Mtazamaji hawezi kuhesabu ni nani amepoteza mguu na ni nani amepoteza mkono, wala picha haimtaki ahesabu. Mgeni aliyeingia humo kwa saa moja angalipiga picha ya vidonda. Sudek alipiga picha ya alasiri isiyokwisha, kwa kuwa alikuwa mmoja wao na alijua kwamba kwa mlemavu taabu kubwa si siku ile aliyojeruhiwa, bali ni siku zote zilizofuata.

Hapo ndipo inapofaa kuvuka bahari, kwa maana vita iliyokula mkono wa Sudek ndiyo ile ile iliyofika Rufiji. Mwezi wa Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika maji ya Unguja, kisha ikaingia katika milango ya Rufiji, ikajificha nyuma ya mikoko. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini hawakuweza kuifikia, kwa sababu meli zao kubwa hazikuweza kupita katika maji haba ya mlangoni. Zikaletwa ndege. Mwaka 1915 marubani waliipiga picha meli hiyo kutoka angani, na tarehe 11 Julai mwaka huo meli mbili zenye vina vifupi, Severn na Mersey, zikaiharibu kwa mizinga huku ndege ikizielekeza mahali pa kupiga. Wajerumani wakaitoa mizinga 10 ya meli yao, ikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu, ikaendelea kupigana mbali na bahari.

Hivyo picha iliingia katika mikoko kwa mlango wa vita. Kwa jicho la angani, mikoko ilikuwa pazia lililomficha adui, na kazi ya picha ilikuwa kulitoboa pazia hilo. Mvuvi aliyekuwa na wavu wake chini ya pazia, na mwanamke aliyekuwa na shamba la mpunga kando ya maji, hawakuwa na haja katika picha ile. Nchi kavu nako walikuwapo wapiga picha. Mashuhuri miongoni mwao ni Mjerumani Walther Dobbertin, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufa mwaka 1961, ambaye alikuwa na duka la picha Dar es Salaam kabla ya vita, na ambaye picha zake zimehifadhiwa leo katika hazina ya kumbukumbu ya taifa la Ujerumani. Dobbertin alikuwa na ustadi, na mwanahistoria hana budi kumshukuru. Lakini mwaka 1932 alitoa kitabu cha picha kuwasifu askari wa jemadari Lettow-Vorbeck, na sifa hiyo ndiyo iliyochagua nani atazamwe na atazamwe vipi. Askari husimama safu moja na bunduki zao. Mpagazi huonekana katika msururu, mzigo kichwani, mmoja kati ya wengi.

Ulinganisho huu ndio kiini cha hoja. Wapagazi wa vita ile, wa pande zote mbili, walikufa kwa maelfu na maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Na mwaka 1917, mwaka ule ule Sudek alipojeruhiwa, mvua kubwa na mafuriko yaliwakuta katika bonde la Rufiji. Jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza limebaki midomoni mwetu katika neno Kariakoo, nasi twanunua mchicha na nguo mahali penye jina hilo bila kukumbuka lilikotoka. Hakuna nyumba ya wapagazi walemavu iliyopata Sudek wake. Hakuna mpagazi aliyerudi na jeraha akapewa shule na kamera, akaketi miaka mitano kati ya wenzake. Tofauti hapa si ya vipaji. Mtu mmoja alijeruhiwa akawa na nafasi ya kujitazama. Wengine walijeruhiwa wakabaki kutazamwa, tena kwa mbali.

Mwaka 1926 Sudek alisafiri kwenda Italia pamoja na marafiki zake wapiga muziki wa Praha. Kama alivyosimulia baadaye, aliondoka katikati ya tamasha usiku, akatembea mpaka akapafikia mahali alipojeruhiwa, akakaa huko muda wa miezi miwili hivi, wenzake wasijue alipo. Mkono hakuuona. Aliporudi Praha hakupenda tena safari za nchi za mbali. Wasifu wake wengi huisimulia habari hii kama kisa cha huzuni, lakini kwa mhakiki ina maana nyingine. Tangu hapo Sudek aliacha kutafuta mahali pengine. Kanisa kuu la Mtakatifu Vitus, lililoanzwa kujengwa mwaka 1344, lilikuwa likimalizika mjini kwake. Alilipiga picha miaka kadhaa, na mwaka 1928 akatoa mkusanyo wa picha 15. Humo mihimili mikubwa ya mawe na nuru ya madirisha haikutengwa na matoroli, kamba, mbao na vumbi la waashi. Utukufu na kazi vimo katika fremu moja, na wala kimoja hakikuaibishwa na kingine.

Mwaka 1940 aliona picha ya zamani ya sanamu ya kanisa la Chartres huko Ufaransa. Picha ile haikukuzwa: karatasi ilikuwa imelazwa juu ya kioo chenyewe cha kamera, ikapokea nuru, ikatoka kwa ukubwa ule ule. Sudek aliona humo utulivu na wingi wa kijivu ambao picha zilizokuzwa huupoteza, akaapa kuacha kukuza picha, akarudia kamera kubwa na nzito za zamani. Fikiri mtu wa mkono mmoja akibeba kamera ya namna hiyo na miguu yake mitatu kupanda vilima vya Praha, akiikaza kwa magoti na meno. Alikuwa na desturi ya kusema kwamba yafaa mtu afanye haraka polepole. Nasi tunaosema haraka haraka haina baraka hatuhitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Ndipo lilipoanza dirisha. Katika picha hizo kioo kimefunikwa na mvuke, au kimeshika barafu, au matone yanateremka. Nyuma yake mti uliopindika wa uani unaonekana kama kitu kinachokumbukwa. Pengine juu ya kizingiti pamewekwa bilauri ya maji, yai, au ua moja. Weusi wa picha hizi si weusi mkavu. Jicho likitulia kidogo, ndani ya weusi ule hutokea tawi, kisha ukingo wa ukuta, kisha nyumba ya jirani. Mtazamaji analazimishwa kungoja, kama anavyongoja mtu aliyetoka juani akaingia ndani ya nyumba.

Wako waliomlaumu kwa kazi hiyo. Wanasema: Wajerumani walikuwa wameikalia Praha tangu Machi, 1939, watu walikuwa wakikamatwa na kuuawa, yeye anapiga picha ya yai. Lawama hii haifai kupuuzwa, kwa maana sanaa nyingi imejificha nyuma ya uzuri ili isione. Lakini yako mambo mawili ya kuijibu. La kwanza, wakati wa utawala huo kupiga picha nje mjini kulikuwa jambo la hatari, na dirisha ndilo lililobaki kuwa mpaka kati ya mtu na ulimwengu alionyang'anywa. Anayetazama vizuri ataona kwamba somo la picha hizo si ua wala mti; ni kile kioo kilicho katikati. La pili, banda lile halikuwa pango la mtu aliyewakimbia wenzake. Marafiki walikusanyika humo kusikiliza muziki katika sahani za santuri. Na baada ya vita Sudek alimpokea kama msaidizi msichana wa Kiyahudi aliyenusurika katika kambi za mauaji, Sonja Bullaty, ambaye baadaye, akiwa Marekani, alitoa kitabu kikubwa juu ya mwalimu wake, mwaka 1978. Kimya cha Sudek hakikuwa cha mtu asiyejua.

Ushahidi ulio mkubwa zaidi ni kazi aliyoiita Nchi ya Huzuni. Alikuwa na kamera ya zamani ya Kodak ya mwaka 1894, itoayo picha ndefu ya sentimita 10 kwa 30, na kwa kamera hiyo alitengeneza kitabu cha mji wa Praha chenye picha 284, kilichotoka mwaka 1959. Katika miaka hiyo hiyo aliipeleka kamera ile kaskazini mwa Bohemia, pande za mji wa Most, ambako machimbo ya makaa ya mawe yalikuwa yakiimeza nchi. Alipiga picha miti iliyokufa imesimama, barabara za matope, moshi wa viwanda ukilala juu ya mashamba, na upeo wa mbali usio na mwisho. Baada ya yeye kuondoka, mji wa kale wa Most ulibomolewa ili makaa yaliyo chini yake yachimbwe, na mwaka 1975 kanisa lake likasogezwa zima zima juu ya reli, mita 841, likaokolewa. Wenye mji walihamishiwa katika mji mpya.

Hapa mhakiki anakutana na swali gumu. Picha hizo ni nzuri. Je, ni halali kuwa nzuri? Mti uliouawa na moshi ukipangwa vyema katika fremu ndefu, mtazamaji huweza kusema, ajabu gani hii, kisha akausamehe moshi. Jawabu la makala haya ni kwamba Sudek kwa kiasi kikubwa ameepuka hatari hiyo, kwa sababu uzuri wa picha zake haupambi. Fremu ndefu haina mahali pa kupumzikia. Jicho huanza kushoto likaenda kulia, na kila linapofika hukuta uharibifu mwingine wa namna ile ile. Anayekamilisha safari hiyo amechoka, na uchovu huo ni sehemu ya maana. Lakini liko kosa lisiloweza kukanwa: watu hawamo. Nchi inalia, wenye nchi hawaonekani. Yule aliyewatazama askari walemavu kwa mapenzi makubwa, alipofika Most aliwaacha wachimbaji na wenye nyumba nje ya fremu, kana kwamba huzuni ilikuwa ya miti peke yake.

Kosa hilo likipelekwa Rufiji litazaa madhara makubwa zaidi. Bonde la Rufiji nalo lina historia ya kuhamishwa. Kwa vizazi vingi Warufiji waliishi na mafuriko: maji yalipopanda yaliacha rutuba, yaliposhuka walilima kilimo cha mlau katika udongo ulionyeshewa na mto, na shambani walijenga madungu juu ya nguzo ili wayalinde mazao yao na wanyama. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda nchi ya juu, katika vijiji vipya. Karibu zaidi na siku zetu, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujengwa mwaka 2019, likaanza kujazwa maji Desemba, 2022, na mwaka 2024 likaanza kutoa umeme, likikusudiwa kufikia megawati 2,115. Mwezi wa Aprili, 2024, mafuriko makubwa yaliingia Rufiji na Kibiti, na kamera zikaja tena. Zikaonyesha paa juu ya maji, mtumbwi mahali pa barabara, mtoto mgongoni mwa mama. Maji yalipopwa, nazo zikaondoka.

Picha hizo si za uongo. Lakini ni picha za siku ya jeraha, na jambo alilolijua Sudek katika nyumba ya walemavu ni kwamba siku ya jeraha si habari yote. Nani amebaki kuangalia shamba lililofunikwa na mchanga likilimwa tena? Nani amepiga picha ya dungu moja, mahali pamoja, maji yakiwa yamepanda na yakiwa yameshuka, mwaka wa kwanza na mwaka wa kumi? Mtu akiketi Nyamisati, panapopandiwa vyombo vya kwenda Mafia, ataona kwamba mikoko si mti mmoja wala pazia moja. Yumo mkoko wenye mizizi iliyojiinamia kama miguu ya kaa, yumo mchu wenye vipumulio vinavyochomoza matopeni, yumo mkandaa na msindi utoao boriti. Boriti hizo zilipakiwa majahazini zikaezeka nyumba za Unguja na za Arabuni kwa karne nyingi. Zina mikono iliyozikata, na mikono hiyo ina wenyewe.

Ndiyo maana haitoshi kijana wa leo mwenye kamera aende Rufiji alfajiri, angoje ukungu, apige picha ya mikoko katika kijivu laini, kisha aseme amemfuata Sudek. Huyo amefuata ukungu tu. Ukungu wa Sudek ulikuwa pumzi ya chumba alichoishi, umegandia kioo cha dirisha lake mwenyewe. Ukungu wa mgeni ni pambo. Anayetaka kumfuata sharti achukue subira yake pamoja na uaminifu wake kwa mahali, na aongeze kile kilichopunguka, yaani wenyeji wenyewe. Tena ni bora zaidi ikiwa mwenye kamera atatoka Mbwera au Salale, kwa maana hatahitaji kujifunza kungoja: maji yanayojaa na kupwa mara mbili kila siku yamekwisha kumfundisha.

Sudek alitunukiwa heshima za taifa lake katika uzee wake, na alipofariki tarehe 15 Septemba, 1976, aliacha maelfu ya picha ambazo nyingi zilipigwa si mbali na nyumba yake. Mtu aliyepoteza mkono katika vita vya wafalme alitumia miaka yake yote kutazama vitu ambavyo wafalme hawavitazami. Milango ya Rufiji iliingia katika picha za dunia kama maficho ya manowari, na mabaki ya manowari hiyo yalizama katika tope lake. Walioishi kando ya tope hilo kabla ya meli kuja, na wanaoishi hapo baada yake, bado wanamngoja mtu wa kuketi nao.